Tone la kijani la daktari Følling

Ndugu zangu, leo mnisamehe mapema, maana mazungumzo yetu ni ya mkojo. Najua ni najisi, najua ukidondokea kanzu mtu hurudi nyumbani akabadilishe kabla ya swala, na najua wapo watakaoacha kusoma hapa hapa. Wakae kidogo. Nataka kusimulia maisha ya daktari mmoja wa Norway, Asbjørn Følling, aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Alichokiona ndani ya kichupa cha mkojo mwaka 1934 kinahusu maneno yanayosemwa majumbani mwetu kila leo, kuanzia hapa Ngomeni, Mambrui, Malindi, hadi Kilifi mjini.

Maneno yenyewe mnayajua. Mtoto amezaliwa mzima, ananyonya vizuri, anacheka. Miezi inapita, hakai. Mwaka unapita, hasimami. Mwaka wa pili unapita, hajaita mama. Kwanza mama mtu anaambiwa alipita mahali pabaya magharibi akiwa na mimba. Kisha inasemwa ni kijicho cha jirani. Akizaa wa pili naye akawa vile vile, basi upande wa mume wanaanza kusema kwetu sisi hakuna watoto wa namna hii, na hapo talaka haiko mbali. Nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi vya aina hiyo, na nimemsikia baba wa watoto akizungumza kana kwamba yeye alikuwa mpita njia tu katika habari hiyo. Watoto wako chumba cha ndani, wageni wasiwaone.

Følling alizaliwa tarehe 23 Agosti 1888, mtoto wa mkulima, katika shamba la Følling huko Kvam, karibu na mji wa Steinkjer. Ni sehemu ya Norway ya baridi kali na usiku mrefu. Jina lake la ukoo ndilo jina la lile shamba, kama vile kwetu mtu akaitwa kwa mji alikotoka. Alikwenda Trondheim kusomea kemia katika chuo cha ufundi, akamaliza mwaka 1916. Mtu wa kawaida angeishia hapo, akatafuta kazi kiwandani, akaoa. Yeye akarudi tena darasani kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1922, akiwa na miaka 33, umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha kuwa na majina. Mwaka 1929 akapata shahada ya uzamivu. Miaka michache baadaye alikuwa profesa Oslo, akifundisha mambo ya lishe na namna mwili unavyotumia chakula.

Hizo shule mbili ndizo zilizomtengeneza. Madaktari walikuwa wengi Oslo, na wanakemia walikuwa wengi. Mtu aliyeweza kumshika mgonjwa mkono kisha akaingia maabara yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu, hao walikuwa wachache mno.

Sasa tumwache kidogo tuje kwa mama. Jina lake Borgny Egeland. Alikuwa na watoto wawili, msichana Liv na mdogo wake Dag. Wote wawili walizaliwa wakionekana wazima. Liv alichelewa sana kusema, akaishia maneno machache, na kutembea kwake kulikuwa kwa taabu. Dag alikuwa na hali mbaya zaidi: hakutembea, hakusema, na hata kumtazama mtu usoni ilikuwa shida. Mama huyo alizunguka kwa daktari huyu na yule, akajaribu na tiba nyingine za nje ya hospitali, kama vile mama zetu wanavyozunguka baina ya zahanati, kombe na mganga. Kila mahali aliambiwa hakuna la kufanya.

Lakini kulikuwa na jambo moja aliloliona yeye na hakukubali kulisahau. Watoto wake walikuwa na harufu. Hata uwaogeshe vipi, harufu ya uvundo, kama ya panya, haiwatoki. Alikuwa akiwauliza madaktari, nao wanaliruka swali. Harufu ya mtoto ina maana gani kwa daktari bingwa? Mwanamke wa Ngomeni akienda kulisema hilo hospitali leo, nina hakika ataambiwa aongeze sabuni.

Mwaka 1934 akafikishwa kwa Følling. Liv alikuwa na umri wa miaka sita hivi, Dag minne. Følling aliwapima watoto kwa mikono na macho, asione cha zaidi ya kile walichokiona wengine. Ila alilisikiliza lile neno la harufu. Kama mwili unatoa harufu, basi kuna kitu mwilini kinachotoka, na kinachotoka huweza kukamatwa. Akaomba mkojo.

Hapa inafaa tukumbuke kwamba kuutazama mkojo si ugeni kwa Waislamu. Ibn Sina, ambaye alifariki mwaka 1037, ameandika katika kitabu chake cha Qanun kwa urefu habari za mkojo: rangi yake, uzito wake, harufu yake na kinachotuama chini. Matabibu wa zama zile walikuwa wakibeba chupa ya kioo kwa kazi hiyo. Ilikuja kudharauliwa baadaye kwa sababu ya walaghai waliodai kuona kila ugonjwa ndani ya chupa, mpaka na bahati ya mtu. Følling hakuwa na bahati ya kusoma ndani ya chupa. Alikuwa na kemia.

Alianza na vipimo vya kila siku, protini na sukari. Hakuna kitu. Kisha akatia matone ya kloraidi ya chuma. Hiyo ni dawa rahisi ya maabara iliyotumika siku hizo kuwapima wagonjwa wa kisukari waliozidiwa. Mkojo wa mtu mzima hauonyeshi la maana, hubaki na rangi ya hudhurungi ya dawa yenyewe. Mkojo wa yule aliyezidiwa hugeuka mwekundu wa zambarau. Mkojo wa Liv ukageuka kijani. Kijani kibichi, kisha baada ya muda kikafifia. Akajaribu wa Dag. Kijani tena.

Hakuwahi kuona jambo hilo, wala vitabu havikulitaja. Mwanzoni alidhani labda ni dawa walizokuwa wakipewa watoto. Akamwambia mama aache kila dawa kwa wiki nzima, kisha alete mkojo mwingine. Rangi ikawa ile ile.

Tone la kijani lilimwambia kwamba kuna kitu, lakini halikumwambia ni kitu gani. Kwa hiyo mama akaendelea kuleta mkojo, na kwa muda wa miezi kama miwili zikakusanyika zaidi ya lita 20. Piga picha, msomaji wangu: mwanamke anabeba chupa za mkojo wa watoto wake wawili akipita nazo mjini, mmoja wao akiwa mtoto asiyeweza hata kusema anataka kujisaidia. Kuukinga mkojo wa mtoto kama huyo ni kazi ya siku nzima. Katika kila maelezo ya sayansi yaliyoandikwa kuhusu ugunduzi huu, nafikiri sehemu hii ya mama inapitwa haraka mno.

Følling akauchuja mkojo ule, akaitenga ile kemikali, akaisafisha kwa uangalifu kwa sababu ilikuwa ikiharibika ikiguswa na hewa, akaivunja aone imeundwa na nini, akapima joto inaloyeyukia. Mwishowe akaijua: asidi ya fenilpiruviki. Kitu hicho hakina kazi katika mkojo wa binadamu.

Angeweza kutangaza papo hapo. Hakufanya hivyo, maana watoto wawili wa nyumba moja si ushahidi wa kutosha. Akaomba mikojo ya watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakitunzwa katika vituo vya sehemu zile, akapima watu 430. Kwa 430 hao, 8 mkojo wao uligeuka kijani. Pamoja na Liv na Dag wakawa 10. Mwaka huo huo wa 1934 akachapisha taarifa yake kwa Kijerumani, lugha ya wanakemia wa wakati ule. Jina la ugonjwa alilolitoa yeye lilikuwa refu la Kilatini; baadaye daktari Penrose wa Uingereza akashika jina la fenilketonuria, na siku hizi dunia nzima husema PKU.

Ugonjwa wenyewe nitaueleza kwa lugha ya jikoni. Samaki, nyama, maziwa, maharagwe, vyote vina protini. Mwili huivunja protini ikawa vipande vidogo, na kimoja kati ya hivyo huitwa fenilalanini. Kwenye ini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuibadilisha fenilalanini iwe kitu kingine chenye faida. Mtoto mwenye PKU amezaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa hakifanyi kazi. Basi kila anyonyapo, hata maziwa ya mamake, fenilalanini inajaa kwenye damu, inafika kwenye ubongo unaokua na kuudhuru pole pole. Inayozidi hugeuka ile asidi, ikatoka kwenye mkojo, na harufu hutokana na huko. Ndiyo maana mtoto huzaliwa mzima. Akiwa tumboni, mwili wa mama humfanyia ile kazi.

Na kwa nini mtoto huyu na si yule? Hapa ndipo ninapotaka wanaume wenzangu wasome polepole. Katika miaka ile ambayo Wajerumani waliikalia Norway, Følling na wenzake walikuwa wakifuatilia koo za wagonjwa, na mwaka 1945 wakachapisha uchunguzi wao: ugonjwa huu hurithiwa kutoka pande zote mbili. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya kutengeneza kile kimeng'enya, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu hudhuriki na wala hutajua, maisha yako yote. Mtoto huugua pale tu anapopewa nakala mbovu na baba na nakala mbovu na mama. Upande mmoja peke yake hauwezi. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, na wanaweza kupata wawili mfululizo kama Borgny, au watano wazima bila kujua chochote.

Kwa hiyo yule mume wa kwenye kikao cha usuluhishi, anayesema kwao hakuna, anacho mfukoni. Nusu ya jambo hilo imetoka kwake, sawasawa na kwa mkewe, na wala hakuna kati yao aliyefanya kosa.

Kuna na habari ya kuoana jamaa. Miaka 32 kabla ya Følling, daktari Mwingereza Archibald Garrod alikuwa akichunguza maradhi mengine ya nadra ambayo mkojo wake hugeuka mweusi ukiachwa wazi, hata nepi za mtoto (winda, kama wasemavyo mabibi zetu) zikawa na madoa meusi. Aliandika mwaka 1902 kwamba wengi wa wazazi wa wagonjwa hao walikuwa ni watoto wa ndugu waliooana. Sababu ni nyepesi: mtu na binti ami wake wana babu na bibi mmoja, basi kama babu alikuwa na nakala mbovu, uwezekano wa wote wawili kuirithi unakuwa mkubwa kuliko kwa watu wasiojuana. Dini yetu imeruhusu ndoa hiyo, na mimi si mtu wa kuharamisha kilichohalalishwa. Wengi wa watoto wa ndoa hizo ni wazima. Nasema tu kwamba ukoo uliokwisha pata watoto wawili au watatu wa namna moja, kabla ya kuposa tena ndani kwa ndani, una haki ya kuuliza.

Mtu ataniuliza, PKU na Ngomeni wapi na wapi? Ni swali zuri. Kwa Waafrika weusi PKU ni nadra sana. Iko zaidi Ulaya, na Uturuki ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi, nayo iko pia kwa Waarabu, na pwani yetu ina damu ya kila bandari. Lakini kanuni ya nakala mbili ni ile ile kwa ugonjwa ambao Kilifi tunaujua vizuri kupita tunavyotaka, siko seli. Ule hupimwa kwa damu, si mkojo, na watafiti wa KEMRI pale Kilifi wameushughulikia kwa miaka mingi. Mama wa mtoto wa siko seli naye husemwa vile vile, na baba wake naye ana nusu yake vile vile.

Sisi watu wa Ngomeni tumezoea sayansi yenye kishindo. Wazee wetu waliona kwa macho yao roketi zikiondoka kwenye majukwaa ya Waitaliano baharini, na tarehe 12 Disemba 1970 ikarushwa kutoka hapo satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwenda kutazama miale ya nyota. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kichupa na matone mawili ya dawa, huoni kama ni sayansi. Ila siku hiyo ya roketi, Mzee Følling alikuwa hai Oslo, na matone yake yalikuwa yamekwisha zunguka dunia.

Yalizunguka hivi. Kujua ugonjwa hakukuwa kuutibu, na kwa karibu miaka 20 tone la kijani lilikuwa habari mbaya tu. Kisha mjini Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mama mwingine alikuwa na binti mwenye PKU na hakukubali kuondoka hospitali bila jibu. Daktari Horst Bickel na wenzake wakamtengenezea mtoto chakula kilichopunguzwa fenilalanini. Mtoto akaanza kubadilika. Hakurudi kuwa kama wenzake, kwa kuwa ubongo ulikuwa umekwisha dhurika, lakini ilionekana wazi kwamba mtoto akiwahiwa mapema, chakula peke yake kitamkinga. Dawa ikawa ni kile anachokula.

Hapo sasa ndipo kipimo kilipopata kazi. Kufikia mwaka 1957 huko California wauguzi walifundishwa kudondosha kloraidi ya chuma kwenye nepi yenye mkojo. Ikiwa kijani, mtoto anaitwa. Baadaye vikaja vijikaratasi vya kuchovya, ndugu wa vile ambavyo mama zetu wajawazito hupimiwa navyo protini na sukari kliniki. Ni kipimo cha bei ndogo, hakihitaji umeme wala mashine. Kilikuwa na kasoro moja kubwa: ile asidi huchukua wiki kadhaa baada ya kuzaliwa kabla ya kutokea kwenye mkojo, na kwa mtoto wa PKU wiki hizo ni mali. Isitoshe, vitu vingine navyo hubadilisha rangi. Mtu aliyemeza aspirini mkojo wake huenda ukageuka zambarau. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Robert Guthrie alipotoa kipimo cha tone la damu ya kisigino kwenye karatasi, nchi zenye uwezo zikahamia huko. Leo katika nchi nyingi mtoto hapelekwi mwezi wa kwanza bila kuchomwa kisigino. Hapa kwetu bado si jambo la kila mtoto.

Kwa mwenye mtoto anayechelewa, au aliyekuwa akiendelea kisha akarudi nyuma, la kufanya ni kwenda hospitali kubwa, Malindi au Kilifi, mwende wote wawili, baba na mama. Semeni yote mliyoyaona, hata harufu. Semeni kama wazazi ni jamaa. Kombe lisikuzuieni, na hospitali isikuzuieni kombe.

Følling mwenyewe hakufanya biashara na tone lake. Kuanzia mwaka 1935 alikuwa akifundisha katika chuo cha matabibu wa mifugo, kazi aliyoifanya mpaka 1953. Kwetu wangemwita daktari wa ng'ombe, na nadhani asingejali. Kisha akaongoza maabara ya hospitali kuu ya Oslo hadi alipostaafu 1958. Tuzo ya Nobel hakuipata. Mwaka 1962, akiwa na miaka 74, aliitwa Washington akapokea tuzo ya familia ya Kennedy mikononi mwa Rais John F. Kennedy, ambaye dada yake mwenyewe alikuwa na ulemavu wa akili.

Alifariki tarehe 24 Januari 1973. Chakula kilichopatikana Birmingham kilikuwa kimechelewa kwa watoto wa Borgny. Dag alikufa angali mdogo, miaka michache tu baada ya ule mkojo kugeuka kijani. Liv alikua, akawa mwanamke mzima, akiendelea kutunzwa kama mtoto.